Nyama choma na watoto wenye mzio wa chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Umepanga kuwasha jiko nyumbani. Labda ni Idi, labda Krismasi, labda mtoto anatimiza miaka saba, au ni Jumapili tu na mbuzi ameshapatikana. Kati ya watoto watakaokuja yupo mwenye aleji ya karanga, na mwingine mama yake amepiga simu kusema maziwa hayagusi kabisa. Haya hapa ni maswali ambayo wazazi huuliza zaidi, na majibu yake. Vipimo na dawa ni kazi ya daktari anayemjua mtoto. Sisi tunashughulika na jiko, sahani na mikono ya wapishi.

Nyama choma si ni nyama na chumvi tu? Aleji inaingilia wapi?

Ingekuwa nyama na chumvi tu, ukurasa huu ungekuwa mfupi sana. Mbuzi anayechomwa Kimasai, vipande vimechomekwa kwenye fimbo kando ya moto bila kiungo chochote, ni miongoni mwa vyakula salama kabisa unavyoweza kumpa mtoto mwenye mzio wa karanga, maziwa, mayai au ngano.

Shida inaanza tunapopaka. Kuku wa tikka amelala usiku kucha kwenye mtindi, kwa hiyo ana maziwa. Mishkaki imeroweshwa kwa sosi ya soya, na sosi hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano. Mayonezi ina mayai na mara nyingi haradali. Suya, ambayo imetoka Nigeria na sasa inachomwa kwenye majiko ya miji yetu pia, hupakwa viungo vilivyochanganywa na karanga za kusaga. Bia inayomwagiwa nyama ina shayiri. Halafu kuna brashi moja inayotembea kutoka bakuli hadi bakuli, na koleo moja linalogeuza kila kitu. Ukitaka kujua hatari iko wapi, fuata brashi.

Lakini moto wa mkaa ni mkali. Hauwezi kuua hiyo aleji?

Hapana. Moto unaua vijidudu. Kinachomsumbua mtoto mwenye mzio ni protini ya chakula chenyewe, na protini ya karanga hubaki na nguvu yake hata zikikaangwa mpaka ziwe kahawia. Ni kweli wapo watoto wenye mzio wa mayai au maziwa wanaovumilia keki iliyookwa vizuri huku yai la kukaanga likiwaletea shida. Hilo hupimwa na daktari, tena mahali penye dawa karibu. Si jambo la kujaribu kwenye sherehe.

Ni vyakula gani hasa niviangalie?

Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 ilitaja vinane: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za mitini kama korosho na lozi, karanga, ngano na soya. Ufuta uliongezwa kwa sheria ya 2021 iliyoanza kufanya kazi Januari 2023. Ulaya wanataja 14, haradali ikiwemo. Orodha hizi zinasaidia kwa sababu bidhaa nyingi madukani kwetu zinatoka nje na lebo zake zinazifuata. Lakini mtoto anaweza kuwa na mzio wa kitu kisichokuwa kwenye orodha yoyote, kwa hiyo swali la kwanza unamuuliza mzazi wake: hagusi nini, na akigusa huwa inakuwaje? Jibu la swali la pili ndilo litakalokuambia ukaze uangalizi kiasi gani.

Niroweke nyama kwa kitu gani ambacho watoto wote watakula?

Kwa kilo moja ya steki au kuku: punje sita za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi sawa na kidole gumba, vyote umevitwanga mwenyewe, maji ya ndimu mbili, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, pilipili manga kidogo, vijiko viwili vya mafuta. Acha saa moja au mbili. Basi. Watoto wengi hawahitaji zaidi ya hapo, na ukweli ni kwamba nyama nzuri haihitaji pia.

Ukitaka mishkaki iwe laini, papai bichi lililokunwa linafanya kazi hiyo vizuri. Vijiko viwili vya chakula kwa kilo vinatosha, na usizidishe saa moja maana nyama itabondeka. Ila uliza kwanza kama kuna mtoto mwenye mzio wa mpira, ule wa glavu na mapulizo. Baadhi ya watu wenye mzio huo huwashwa pia na papai, ndizi au parachichi.

Kama umezoea mtindi kwenye kuku, weka tui zito la nazi badala yake, na ndimu iingie karibu na mwisho. Mombasa na Unguja hakuna wa kukufundisha hilo. Kuku wa kupaka ni hivyohivyo.

Kuhusu viungo vya unga: nunua bizari nzima na pilipili manga zikiwa punje, uzisage nyumbani. Unga wa viungo unaopimwa kwa kijiko sokoni hauna lebo, na mashine iliyousaga huenda saa moja kabla ilikuwa inasaga karanga. Vile vya pakiti vya kuongeza ladha kwenye mchuzi, soma nyuma: vingine vina unga wa ngano, vingine soya, vingine maziwa ya unga. Kazeini na whei ni maziwa pia, kwa majina mengine.

Mafuta ya kupaka nyama yana shida gani?

Hapa watu wengi hupita bila kusimama. Mafuta ya karanga au ya ufuta yaliyokamuliwa kienyeji, yale yenye harufu nzuri na rangi nzito, hubaki na protini ndani yake. Yaliyosafishwa kiwandani hubaki na kidogo mno, lakini kwenye dumu la plastiki lisilo na lebo huwezi kuyatofautisha kwa uhakika.

Alizeti ni chaguo zuri, na mafuta ya Singida yana sifa yake. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: mashine iliyokamua alizeti hii inakamua nini kingine? Mashine ndogo nyingi hukamua alizeti leo, karanga kesho na ufuta keshokutwa. Kwa sherehe yenye mtoto wa mzio mkali, mimi ningenunua chupa iliyofungwa kiwandani, hata kama ya kienyeji ina ladha zaidi. Na siagi na samli ziwekwe mbali na mtoto wa mzio wa maziwa. Samli imechujwa, ndiyo, lakini haijawa kitu kingine.

Nazi nayo ni katika jamii ya korosho?

Siyo. Wengi wenye mzio wa korosho au lozi hula nazi bila tatizo, na Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliitoa nazi kwenye orodha yake ya njugu za mitini. Mzio wa nazi yenyewe upo, lakini ni nadra. Muulize mzazi, kisha endelea na tui lako.

Nina jiko moja na wavu mmoja. Nifanyeje?

Jiko moja linatosha. Kinachotakiwa ni mpangilio.

Sugua wavu kwa brashi ya waya, uoshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuuweka motoni. Chakula cha watoto kianze, wavu ukiwa bado msafi na watu wazima wakiendelea na soda zao. Kikishaiva kitoe, kifunike, kiweke mahali pake. Baada ya hapo kuku wa mtindi na mishkaki ya sosi vinaweza kupanda. Kurudi nyuma hakuna: kipande cha mtoto hakirudishwi kwenye wavu huo “kipate moto kidogo”.

Kama lazima vyote viive pamoja, tandika karatasi ya alumini upande mmoja, tabaka mbili. Jani la mgomba nalo linafaa sana. Lipitishe juu ya moto mpaka lilainike, funga samaki au kuku ndani, na harufu yake ni ziada ya bure. Koleo mbili, visu viwili, mbao mbili. Funga utepe mwekundu kwenye koleo la watoto, kwa sababu kufikia saa kumi jioni atakuwa ameshika mjomba ambaye hakusikia maelezo ya asubuhi.

Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Dawa ya mikono ya kileo, ile tuliyoizoea wakati wa korona, haiondoi karanga mkononi, inaitandaza tu.

Naomba mawazo ya vyakula, si makatazo tu.

Sawa. Msimamo wangu kwanza: usimpikie mtoto mwenye aleji sahani yake peke yake kama unaweza kukwepa. Panga meza ambayo watoto wote wanakula kitu kilekile. Mtoto wa miaka sita anayeketi pembeni na kibakuli chake cha kifuniko anaelewa vizuri sana kwamba ametengwa, na wenzake wakigeuka ataonja walichonacho. Meza moja isiyo na karanga wala maziwa ni rahisi kulinda kuliko mtoto mmoja kati ya kumi na watano wanaokimbia uani.

Mishkaki ya paja la kuku ndiyo nguzo. Paja halikauki kama kidari. Kata vipande vidogo vya kuingia mdomoni mwa mtoto, chomeka na kitunguu na pilipili hoho. Vijiti vya mianzi viloweke nusu saa ili visiungue, na kwa wadogo chini ya miaka mitano vua nyama kijitini kabla ya kuwapa.

Mahindi mabichi ya kuchoma, ndimu na chumvi, pilipili pembeni kwa wakubwa. Hakuna haja ya siagi. Sijawahi kuona mtoto anayekataa kuchagua hindi lake mwenyewe kabla halijaenda motoni.

Ndizi mzuzu zilizoiva zichomwe na ganda lake mpaka liwe jeusi, kisha lipasue. Tamu kama umeweka sukari. Viazi vitamu vinaweza kufukiwa kwenye majivu ya moto mapema kabla wageni hawajafika, na mihogo mitamu ichemshwe kwanza halafu ipate rangi kwenye wavu. Kwa mtoto asiyekula ngano hivi ndivyo vinavyochukua nafasi ya mkate na chapati, wala hatahisi kapunjwa.

Kababu na vipande vya baga kwa kawaida hushikwa na yai na chenga za mkate. Acha vyote viwili. Ponda kiazi kimoja kikubwa kilichochemshwa ndani ya nusu kilo ya nyama ya kusaga, weka kitunguu kilichokunwa na kukamuliwa maji, dhania na chumvi, finyanga, weka kwenye friji nusu saa. Hazitavunjika. Mwambie mwenye bucha akusagie nyama yako mwenyewe ukiona, maana mashine iliyosaga soseji asubuhi imebaki na mambo yake. Jani la letusi au kipande cha ugali wa jana kilichochomwa pande zote kinashika nafasi ya mkate.

Ugali wenyewe una mtego mmoja. Mahindi hayana tatizo kwa walio wengi, ila mashine ya mtaani inayosaga sembe na dona ndiyo hiyohiyo inayosaga unga wa lishe, wenye karanga na soya ndani. Kwa mzio mkali nunua unga wa pakiti ambao lebo yake inaeleweka, au pika wali.

Kachumbari ya nyanya, kitunguu, tango na ndimu. Parachichi la kupondwa na chumvi linakaa mahali pa mayonezi. Kwa kuchovya, chemsha ukwaju na sukari kidogo na bizari nzima mpaka uwe mzito.

Mwisho wa mlo, vipande vya nanasi kwenye wavu dakika mbili kila upande, mdalasini juu. Au tikiti maji tu, jua likiwa kali.

Soseji na smoki za watoto?

Soma lebo au ziache. Nyingi zina soya, ngano au maziwa ya unga. Zisizo na lebo, ziache tu.

Samaki wakichomwa karibu, harufu yake inaweza kumdhuru mtoto?

Kwa mtoto mwenye mzio wa samaki au kamba, ndiyo, inawezekana. Mvuke wa samaki wanaopikwa hubeba chembe za protini, na baadhi ya watoto huanza kukohoa au kuwashwa macho bila kuonja chochote. Karanga ni tofauti: harufu yake peke yake kwa kawaida haileti balaa, hatari iko kwenye kula na kwenye mikono yenye mabaki. Kwa hiyo kama changu au pweza lazima awepo, jiko lake liwe upande ambao upepo unatoka kwa watoto kwenda kwake. Angalia pia unga wa dagaa na wa uduvi. Pwani watu huutia kwenye viungo bila kukumbuka kuutaja.

Inawezekana mtoto akawa na aleji ya nyama yenyewe?

Ipo, na ina tabia ya ajabu. Kuna mzio wa sukari fulani iliyomo kwenye nyama ya wanyama kama ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Unahusishwa na kuumwa na kupe, na umeonekana kwa watoto wa vijijini Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape. Dalili zake mara nyingi huchelewa, saa tatu hadi sita baada ya kula, hivyo familia inalaumu chakula cha usiku wakati mkosaji ni mbuzi wa mchana. Kuku na samaki hawana sukari hiyo. Kama mwanao huamka usiku na mabaka au maumivu makali ya tumbo kila baada ya nyama choma, mweleze daktari saa alizokula na alichokula, usiishie kusema “tumbo linamsumbua”.

Mwanangu akinywa maziwa tumbo linajaa gesi. Ni aleji?

Huenda siyo. Watu wengi Afrika hawameng'enyi vizuri sukari ya maziwa wakishakua; inaleta gesi na kuhara, inakera, lakini haizibi koo. Mtoto wa namna hiyo anaweza hata kuvumilia mtindi. Mwenye mzio wa maziwa hawezi kuchezewa hivyo. Daktari ndiye atakayetenganisha mambo haya mawili, na ni vizuri yatenganishwe kabla mtoto hajanyimwa maziwa bure kwa miaka.

Bibi yake anasema “kidogo tu hakidhuru”. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Usibishane naye mbele ya wageni, na usimpe somo la kitabibu. Mwendee mapema, kabla jiko halijawaka: “Shikamoo mama. Leo naomba unisaidie jambo moja. Huyu mjukuu wako karanga inamziba pumzi, daktari kasema hata ya kuonja asipewe. Nakuomba wewe ndiye umwangalie, asipewe kitu na mtu yeyote bila wewe kujua.” Mzee aliyepewa ulinzi hafanani na mzee aliyepewa onyo. Wengi wao, wakishakabidhiwa, huwa wakali kukuzidi wewe.

Eleza pia kilichowahi kutokea, kwa maneno ya kawaida: alivimba midomo, alitapika, tulikimbia naye hospitali usiku. Neno “aleji” peke yake halimtishi mtu aliyelea watoto wanane bila kulisikia.

Wageni wakija na vyakula vyao?

Vipokee, shukuru, viweke kwenye meza ya watu wazima. Kashata, visheti na keki ndivyo vinavyosambaa mikononi mwa watoto haraka kuliko nyama. Ukiweza, sema kwenye ujumbe wa mwaliko kwamba karanga na korosho zibaki nyumbani siku hiyo.

Nitajuaje kwamba mambo yameharibika, na nifanye nini?

Dalili nyingi huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Mabaka yanayowasha na midomo kuvimba kidogo ni ishara ya kuacha kila kitu na kumkazia macho. Zinazotisha ni hizi: sauti kukwama au kuwa nzito ghafla, kikohozi kisichoisha, kifua kupiga filimbi, ulimi kuvimba, kutapika mfululizo pamoja na mabaka, mtoto kulegea, kupauka au kusema haoni vizuri.

Hapo dawa ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kama mtoto ameandikiwa sindano yake ya kujidunga, itumie mara moja, usingoje uone kama atapata nafuu, kisha mpeleke hospitali. Sindano hizo kwetu ni ghali na hazipatikani kirahisi, kwa hiyo familia nyingi hazina. Basi kazi yako inafanyika kabla ya sherehe: jua kituo cha afya kilicho karibu chenye adrenalini na kinachofanya kazi siku hiyo, hasa kama ni sikukuu, na uwe na gari au bodaboda unayoiamini. Uliza kwa mdomo wako kama dawa ipo. Jengo kuwepo hakutoshi.

Wakati mnasubiri au mkiwa njiani, mlaze mtoto chali, miguu juu. Akihangaika kupumua mwache akae, lakini asisimamishwe wala asitembezwe. Akitapika au akipoteza fahamu, mlaze ubavu. Vidonge au dawa ya maji ya kuzuia mwasho hupunguza vipele tu; havifungui koo na havichukui nafasi ya adrenalini. Maziwa, mafuta, mkaa wa kusaga na maji ya moto yasiingie mdomoni mwake. Hata akipata nafuu, hospitali ni lazima, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Na tukienda kula nyama choma nje?

Faida ya baa na vibanda vya nyama choma, Nairobi, Arusha au Kigali, ni kwamba mara nyingi unachagua kipande kibichi kikiwa kimening'inia na unasema kichomweje. Kwa hiyo usiagize mishkaki iliyokwisha kuroweshwa. Hakuna atakayekumbuka ndani kuna nini. Chagua mbavu au paja la mbuzi, sema “chumvi tupu”, na uzungumze na mchomaji mwenyewe badala ya mhudumu. Beba karatasi yako ya alumini na umwombe aweke chini ya nyama ya mtoto. Omba ubao uoshwe kwa sabuni kabla nyama haijakatwa, au ilete nzima uikate mwenyewe mezani kwa kisu ulichokuja nacho. Chipsi zipite mbali kama mafuta ni yaleyale yanayokaanga samaki na sambusa. Mida ya saa sita mchana ni bora kuliko jioni, wavu ukiwa haujapitiwa na kila kitu na mchomaji akiwa bado na nafasi ya kukusikiliza.